Shahada anayo, sasa anataka sheria: mwalimu wa Nyarubungo na hesabu ya familia yake

Hati ya ndoa ilikuwa ndani ya sanduku la bati, chini ya kanga na msahafu uliofungwa kitambaa. Ilikuwamo siku ya kikao cha ukoo, ilikuwamo siku ya mahakama, na hukumu iliposomwa ilikuwa bado imo. Hakuna aliyeiulizia, na mjane mwenyewe hakujua kwamba ilipaswa kufikishwa mbele ya hakimu.

Mjane huyo ni shangazi wa mwalimu mmoja wa sekondari tuliyezungumza naye Nyarubungo, wilayani Biharamulo, Mkoa wa Kagera. Aliolewa mbali, nje ya mkoa, akaishi na mumewe zaidi ya miaka ishirini bila kujaaliwa mtoto. Mume alipofariki, ukoo ulikaa ukamteua mdogo wa marehemu kuwa msimamizi wa mirathi, na muhtasari wa kikao ukapelekwa mahakama ya mwanzo ya huko. Shamba na nyumba vikabaki kwa ukoo. Mjane akaambiwa anaweza kukaa chumba cha uani mpaka atakapopata pa kwenda.

Marehemu alikuwa Mwislamu. Alifunga ndoa mbele ya sheikh na alisaliwa sala ya jeneza. Kwa aya ya 12 ya Suratun-Nisaa, mke wa mume asiyeacha mtoto ana fungu la robo, baada ya kutekelezwa wosia na kulipwa madeni. Lakini mirathi ile ilipitishwa kwa mila, yaani kwa kanuni zilizoandikwa katika Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, ambazo humweka mjane nyuma ya jamaa wa ukoo wa mumewe. Hatusemi hakimu alidhulumu. Hakimu huamua kwa kilichowekwa mbele yake. Mahakama zetu za Tanzania Bara hazitazami jina la marehemu pekee. Hutazama mwenendo wa maisha yake, kama aliishi kwa Uislamu au kwa mila za kabila lake, na jambo hilo huthibitishwa kwa ushahidi. Ushahidi ulikuwa sandukuni.

Rufaa kutoka mahakama ya mwanzo kwenda mahakama ya wilaya ina muda wa siku 30. Mwalimu alipigiwa simu na shangazi yake siku ya 51.

Tangu hapo ana nia moja, nayo ni kusomea sheria. Ana shahada ya ualimu katika Historia na Kiswahili, umri wa miaka 34, mke, watoto watatu, na deni la Bodi ya Mikopo ambalo bado linakatwa katika mshahara. Baada ya sala ya Alasiri alituweka pembeni akatuuliza swali ambalo tumewahi kuulizwa na wahitimu wengine wa Kiislamu, wakiwamo wahasibu na wauguzi: mtu ambaye tayari ana shahada, hana njia fupi ya kuingia katika sheria?

Kwa Tanzania, hana. Ni vyema jibu hili litolewe mapema, kabla nauli haijatumika na kabla ng'ombe hajauzwa.

Habari za njia fupi zimetufikia kutoka Uingereza, ambako kwa miaka mingi mhitimu wa fani nyingine aliweza kusoma kozi ya mwaka mmoja ya kumwingiza katika sheria, kisha akaendelea na mafunzo ya uwakili. Tangu Septemba 2021 hata utaratibu huo umebadilika kwa mawakili wanaoitwa solicitor: mwenye shahada yoyote hufanya mitihani miwili mikubwa na kukamilisha miaka miwili ya kazi ya kisheria. Vijana wetu walioko London na Birmingham wamenufaika na milango hiyo, na jamaa zao huku nyumbani wakadhani kuna mlango kama huo Dar es Salaam. Kwetu, anayetaka kuwa wakili lazima kwanza awe na shahada ya sheria yenyewe, ambayo huchukua miaka mitatu au minne kulingana na chuo na mpango wa masomo. Shahada ya awali yaweza kumsaidia kupokelewa, kwa masharti ya chuo anachoomba, lakini haimpunguzii kitabu hata kimoja. Baada ya hapo kuna mafunzo ya mwaka mmoja katika taasisi ambayo watu wengi huiita Shule ya Sheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007 na kuanza kufundisha mwaka 2008. Anayefaulu ndiye anayeomba kwa Jaji Mkuu aingizwe katika daftari la mawakili.

Mwalimu wetu alipiga hesabu kwa vidole. Akianza mwaka ujao, akasoma miaka minne na mmoja wa vitendo, na yote yakaenda sawa, atakuwa na miaka 40. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba miaka 40 ataifikia tu, akisoma asisome, Mungu akimpa uhai.

Kwa aliyeajiriwa na mwenye familia kijijini, njia iliyo wazi zaidi ni Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kufundisha mwaka 1994. Kina kituo Bukoba, na mwanafunzi wake anaweza kubaki katika ajira akisoma usiku. Anayeweza kuondoka nyumbani ana Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro, ambacho hufundisha sheria za nchi pamoja na sharia, jambo ambalo kwa mtu mwenye kisa kama cha shangazi huyu si dogo. Wapo pia Mzumbe, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na vingine. Lakini kuondoka ni ruhusa ya mwajiri, na ruhusa ya mwajiri si barua ya siku moja.

Hapo ndipo tulipomgeukia mkewe. Yeye hulima maharage na mihogo, na siku za gulio huuza. Alikuwa amesikiliza muda wote bila kusema.

"Mimi sikatai Baba watoto asome," alisema. "Ila mwaka wa kwanza nitavumilia kwa sababu ni mpya. Mwaka wa tatu ndio ninaouogopa. Hapo watu watakuwa wamezoea kwamba anasoma, na mimi nitakuwa nimechoka."

Tumesikia wanafunzi wakielezea ugumu wa masomo kwa kirefu, lakini ni mara chache tumesikia tatizo likitajwa kwa usahihi namna hii. Aliyemaliza shahada ya kwanza akiwa kijana asiye na mke alibeba shida yake mwenyewe. Anayerudi darasani akiwa baba anaibeba pamoja na watu wanne, na hao hawatatajwa katika cheti chake. Mume akasema jioni zote za Jumamosi zitakuwa za familia. Mke akamjibu kwamba Jumamosi ana kazi ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi hata sasa, kabla ya sheria, hivyo atafute siku ya kweli. Wakakubaliana Ijumaa, kuanzia Alasiri mpaka Isha, kitabu kifungwe.

Fedha nazo zina masharti yake. Asitarajie kwamba Bodi ya Mikopo itamlipia shahada ya kwanza mara ya pili. Deni lake la zamani hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na hilo lazima liingie katika hesabu kabla ya ada mpya. Kuna nafuu moja ambayo familia za Kiislamu ziliisubiri: mwaka 2021 serikali iliondoa tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo, ambayo wengi wetu tuliiona kuwa ni riba yenye jina jingine. Inasikitisha basi kumwona mtu aliyefurahia kuondokana na tozo hiyo akikimbilia mkopo wa kausha damu ili alipe ada ya muhula. Tulimwambia hivyo wazi. Mkewe, ambaye hupima kila kitu kwa magunia ya maharage, alishauri waanze kuweka akiba mwaka mzima kabla ya kuomba nafasi ya chuo. Mwaka huo wa akiba ndio uliotufanya tuandike makala haya, kwa sababu ndio mwaka ambao mtu anaweza kujiandaa vizuri bila kulipa ada yoyote.

Ajiandae vipi? Wengi hununua Katiba na Kanuni ya Adhabu wakaanza kukariri vifungu. Si vibaya, lakini vifungu hubadilishwa, na mwenye kukariri huachwa nyuma. Tungependa aanze kwa kusoma hukumu, moja baada ya nyingine, kwa utulivu. Mahakama ya Tanzania huziweka hadharani katika mtandao wa TanzLII, bila malipo, na simu ya kawaida yenye intaneti inatosha kuzisoma.

Na kwa mtu wa Kagera, hukumu ya kuanza nayo iko jirani. Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, alirithi shamba kwa wosia wa baba yake. Agosti 1988 alimuuzia mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Bernardo Ephrahim, jamaa yake wa kiume katika ukoo, akafungua shauri katika mahakama ya mwanzo wilayani Muleba, wilaya inayopakana na Biharamulo, akidai mauzo yabatilishwe, kwa kuwa mila ya Kihaya haikumruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya mwanzo ilikubali. Mahakama ya wilaya ikapindua. Shauri likafika Mahakama Kuu Mwanza, ambako Jaji Mwalusanya, mwaka 1990, aliamua kwamba kanuni hiyo ya kimila inapingana na usawa uliowekwa na Katiba, na kwamba kuanzia hapo mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kuuza ardhi hiyo.

Mwalimu wa Historia ataisoma kama kisa: nani alisema nini, nani alishinda. Asomaye sheria lazima aulize maswali mengine. Mahakama tatu zilitazama mambo yale yale. Ni sheria gani kila moja iliichukua mkononi? Kwa nini mwaka 1990 na si 1975? Jibu la swali la pili liko katika tarehe. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984, lakini hazikuweza kudaiwa mahakamani mpaka Machi 1988. Shamba liliuzwa miezi mitano baadaye. Na swali la tatu, ambalo mwalimu wetu alilifikia mwenyewe kabla hatujalisema: je, hukumu hii inamsaidia shangazi? Alidhani inamsaidia. Tukamwomba aisome tena. Holaria alikuwa na shamba tayari, kwa wosia. Ubishi ulikuwa juu ya kuuza. Shangazi hana wosia; ubishi wake ni juu ya kurithi, na juu ya sheria ipi itawale mirathi. Zinafanana kwa uso, si kwa kiini. Kuweza kuona tofauti hiyo, na kuikubali hata inapoumiza, ndiyo nusu ya masomo ya mwaka wa kwanza.

Hukumu ya pili tuliyompa inazihusu ndoa zetu moja kwa moja. Ni ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliyotolewa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali. Mke aliyeachwa katika ndoa ya Kiislamu alidai sehemu katika nyumba iliyonunuliwa kwa fedha za mume. Mahakama ilisema kazi za mke nyumbani ni mchango halali katika mali iliyochumwa wakati wa ndoa, na kauli hiyo imewasaidia wanawake wengi tangu siku hiyo. Lakini Bi Hawa mwenyewe alishindwa: ilionekana kwamba fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya biashara alizitapanya, na hiyo ikahesabiwa dhidi yake. Mwalimu hakuridhika. Inawezekanaje mtu ashinde hoja na ashindwe kesi? Mkewe, aliyekuwa akichambua maharage, alisema hilo huwatokea wanawake kila siku.

Mbali na kusoma, tulimshauri aende akakae mahakamani. Mashauri mengi husikilizwa hadharani, na likizo ya shule inamtosha kwenda Biharamulo mjini, aketi benchi la nyuma, asikilize. Ataona jinsi shahidi mkweli anavyoharibu kwa kuzungumza mno. Ataona watu wanaorudi mara nne kwa sababu ya karatasi moja. Asiandike maoni, aandike tu kilichoulizwa na kilichojibiwa. Walimu, na sisi tunaoandika magazetini, tuna ugonjwa wa kueleza kila tunachojua. Mahakamani hueleza kinachoulizwa.

Lugha yake ya Kiswahili ni mtaji ambao hakuutambua. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na nchi inahitaji watu wanaoweza kuandika hukumu na hati kwa Kiswahili kilichonyooka. Hata hivyo vitabu na mihadhara ya chuoni bado ni Kiingereza. Tena ni Kiingereza cha kale, kwani pamoja na sheria za Bunge letu tulirithi misingi ya sheria za Kiingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Asiyesoma Kiingereza kwa miaka kumi aanze sasa, kurasa chache kila siku baada ya Alfajiri, na aandike kwa ufupi alichosoma. Wala asiidharau elimu ya faraidh kwa kuwa haiko katika orodha ya masomo ya chuo chake. Mwanasheria Mwislamu asiyeweza kugawa mirathi ya mke, mama na ndugu wawili atakuwa mzigo kwa watu wake wenyewe.

Asiyeamini kwamba maandalizi haya ni ya lazima aukumbuke mwaka 2022. Katika matokeo ya mkupuo mmoja wa Shule ya Sheria, kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani na 265 waliondolewa. Kelele zilikuwa kubwa, na Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dk. Damas Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Watu walibishana kama kosa ni la Shule, la vyuo au la wanafunzi. Kwa familia inayotoa mahari ya binti au ng'ombe wa maziwa ili kulipa ada, ubishi huo haurudishi kitu. Wote 633 walikuwa na shahada ya sheria mkononi.

Hatari moja zaidi hujitokeza katika vijiji vyetu, ambako wakili yuko mbali na Mahakama Kuu iko Bukoba. Mtu akijulikana tu kwamba anasoma sheria, majirani humletea migogoro ya mipaka, talaka na mirathi, na huja na kuku mkononi. Hivyo ndivyo kishoka anavyozaliwa, mara nyingi bila kukusudia. Mke wa mwalimu alikuwa ameliona hilo mbali: alimkataza kuutangazia ukoo. Iko njia ya halali kwa mwenye hamu ya kusaidia mapema. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, wanaopewa mafunzo ya kuelimisha na kuelekeza watu, bila kujifanya mawakili mahakamani. Kwa mtu anayesubiri chuo, hilo lingekuwa shule nzuri kuliko vitabu vingi.

Na shangazi? Katika usomaji wake wa jioni mwalimu aliifikia Sheria ya Mahakama za Mahakimu, kifungu cha 20, kile chenye siku 30. Alipokiona mara ya kwanza alikifunga kitabu kwa uchungu. Wiki kadhaa baadaye alirudi akasoma kifungu kidogo kinachofuata, ambacho kinairuhusu mahakama ya wilaya kuongeza muda wa rufaa. Alimpeleka shangazi kwa wakili wa msaada wa kisheria, naye akawaeleza kwamba maombi hayo huhitaji hati ya kiapo inayoeleza sababu ya kila siku iliyopita baada ya ule muda.

Basi tulipofika kwake mara ya pili tulimkuta na daftari la shule lililopigwa mistari, siku moja kwa mstari mmoja. Siku 38 za mwanzo baada ya hukumu, shangazi alikuwa bado katika eda ya mumewe, hakutoka. Mwalimu alikuwa amekwenda kumuuliza sheikh, kwa sababu wanazuoni humruhusu mjane kutoka mchana kwa dharura, na upande wa pili unaweza kulisema hilo. Siku zilizofuata kulikuwa na homa, cheti cha zahanati kipo. Kisha simu, nauli, safari ya kumfuata. Iliyobaki mitupu ni mistari ya zile wiki ambazo yeye mwenyewe alikuwa amekifunga kitabu. Wakili alimwambia nazo zijazwe, na ziandikwe ukweli. Alikuwa ameshika kalamu, na mkewe amekaa karibu akimkumbusha tarehe.